Mtu Aliyetazama Vidole

Jambo la kwanza Mado aliloliona kwa yule mgeni ni kwamba hakuwa akitazama televisheni.

Katika salle ya Mado, chumba cha michezo ya televisheni pale Kikula, mjini Likasi, kila anayeingia hutazama televisheni. Hata mzazi aliyekuja kumkokota mwanawe nyumbani husimama kwanza mlangoni aone nani anapigwa. Michezo ya pale ni ya kupigana: watu wawili kwenye kioo, ngumi na mateke, mpaka mmoja aanguke. Mado alikuwa na televisheni tatu, na mashine zilizopita mikono mingi kabla ya kufika kwake, na benchi ukutani kwa wanaosubiri zamu. Mgeni yule alikaa kwenye benchi hilo. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Alilipia zamu kama wengine, na zamu ilipofika akamwachia mwingine. Macho yake yalikuwa chini, kwenye mikono ya wachezaji. Alitazama vidole vikikimbia juu ya manette, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, huku ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Mado alidhani ni mtu wa kodi, amekuja kupima wateja kabla ya kutoa karatasi zake. Akampelekea kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, ili amsogelee.

"Papa, weye hauchezake?"

"Naangaliaka tu, mama."

"Unaangalia nini?"

"Vile bantu banacheza."

Akanywa, akashukuru, akarudisha kikombe. Alijibu kwa utulivu, na utulivu huo ndio uliomtia Mado wasiwasi. Mtu asiye na la kuficha huongea zaidi ya hapo.

Kesho yake alirudi. Na siku iliyofuata pia.

Wa kwanza kuumia alikuwa Plamedi. Plamedi ni mtoto wa dada yake Mado, kijana wa kununua na kuuza simu zilizotumika karibu na soko, na biashara ikilala huenda kuchimba upande wa Kakanda. Ndani ya salle hakuwa na mpinzani. Katika michezo ile kuna pigo kubwa ambalo halitoki kwa kubonyeza tu: lazima ushushe kidole gumba, ukizungushe kwenda mbele, kisha ubonyeze, na vyote hivyo kabla adui hajakugusa. Wengine pigo hilo liliwatoka kwa bahati. Plamedi lilimtoka kila alipolitaka. Alikuwa amelifanyia mazoezi tangu akiwa mtoto wa shule, na watu walitoka Panda na Shituru kuja kumwona akilipiga.

Tangu mgeni aanze kuja, pigo lilianza kukataa.

"Tantine," Plamedi alimwambia Mado, wamesimama nje chini ya bati, "ule muntu anafanya kintu ku bidole byangu."

"Anafanya nini?"

"Siyue. Akiniangalia, bidole binakuwa bizito. Sawa vile biko ya muntu mwingine."

Mado alimwambia aache maneno hayo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameona. Kijana ambaye hakuwahi kufikiria vidole vyake sasa aliviangalia kabla ya kuanza, akavinyoosha, akavipuliza. Mama yake, aliyekuwa akisali katika kanisa la uamsho, alimpaka mafuta ya maombi kila kidole, na siku hiyo manette ikawa inamteleza mikononi, akapigwa na watu ambao zamani hawakuthubutu kukaa naye.

Maneno yakazaa maneno. Mmoja alisema mgeni ametoka gereza la Buluo na anamtafuta aliyemchongea. Mwingine alisema ametumwa na bwana mmoja wa machimbo, kwamba mishipa ya shaba ikipotea ardhini hutafutwa, kwa uganga, vidole vya mtu asiyeshindwa. Hakuna aliyejua habari hiyo ilianzia wapi, na hakuna aliyeikanusha kwa sauti. Watu walianza kucheza wakiwa wamempa mgongo, manette imefichwa tumboni.

Kisha mume wa Mado akapiga simu. Casimir alikuwa fundi wa malori Kakanda na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Si mtu wa simu ndefu. Siku hiyo hakuulizia hata watoto.

"Nasikia kuko monsieur moya anakuyaka kila siku pale kwako."

"Iko client."

"Client anachezaka. Huyu banasema hachezake."

"Banani banasema?"

"Na unamupatiaka munkoyo," alisema.

Mado alibaki ameshika simu baada ya sauti kukatika. Munkoyo alimpa mara moja tu, siku ile ya kwanza. Kwa hiyo mtu fulani ndani ya salle yake, mtu aliyekaa pale siku hiyo, alikuwa akimpelekea mumewe habari Kakanda. Alianza kuwatazama wateja wake mmoja mmoja, na jirani zake pia, hasa Hortense, mshonaji wa nyumba ya pili, ambaye cherehani yake ilikaa dirishani na dirisha lilitazama mlango wa salle. Walikuwa marafiki wa miaka. Mado aliacha kumwamkia kwa furaha, na Hortense, asiyejua kosa lake, naye akaanza kumkodolea macho.

Mchana mmoja umeme ulikatika, vijana wakatoka nje kupunga upepo. Mgeni alibaki kwenye benchi. Mado alikwenda akasimama mbele ya mlango.

"Papa, leo utaniambia. Weye ni nani?"

"Naitwa Bertin. Nilizaliwa hapa hapa, ku Panda. Sasa niko Lubumbashi na dada yangu, Reine. Tunafanya jeu."

"Munafanya nini?"

"Jeu ya kupigana. Sawa hizi zako. Siye njo tunaitengeneza."

Mado alicheka bila furaha. Aliwajua watu wa Likasi wanaoyeyusha shaba, wanaotengeneza mota, wanaosimamia mitambo ya umeme ya Koni isisimame. Mchezo wa televisheni, kwa akili yake, ulitoka mbali na ulikuja ukiwa umekamilika. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu alikaa akaamua teke liumize kiasi gani.

"Na bidole bya bantu unatafuta mu nini?"

Bertin alifikiri kidogo. "Televisheni inaonyesha nani alishinda, mama. Haionyeshe nani alitaka kufanya kintu, na bidole bikakatala. Ule njo minye namutafuta. Anakuya, anajaribu, bidole binakatala, anaweka manette chini, harudie tena. Nimeona bengi hapa kwako. Tunataka hata ule acheze. Lakini na Plamedi asichoke, juu yeye alitumika miaka kwa kujua."

"Kwa nini hukusema siku ya kwanza?"

"Juu bantu banaibaka," alisema Bertin. "Ukionyesha kintu mbele haiyaisha, kesho utaikuta kwa mwingine."

Mado aliudhika. Mtu amekaa nyumbani mwake, amekunywa kinywaji chake, kumbe muda wote alikuwa akimdhania yeye kuwa mwizi. Halafu akakumbuka alivyowatazama wateja wake tangu simu ya Casimir.

"Basi ilete hiyo jeu," alisema. "Kama iko kweli."

Bertin aliileta Jumamosi, mchana, ndani ya ordinateur, kompyuta ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Wakaiunganisha na televisheni kubwa. Watu walijaa mpaka dirishani. Walikuwa wamekuja kuona uongo ukifichuliwa, lakini picha ilipowaka wakanyoosha shingo: kulikuwa na mchimbaji mwenye taa kichwani na patasi mkononi, na mwanamke aliyebeba msalaba wa shaba, ule uliotumika zamani kama fedha, na nyuma yao vilima vya udongo mwekundu ambavyo kila mtu pale alivijua.

Bertin alieleza. Kabla ya pambano kila mtu huchagua. Njia ndefu ni ile ya siku zote, kidole gumba chini, mbele, bonyeza. Njia fupi ni kitufe kimoja: ukikibonyeza, pigo kubwa linatoka lenyewe.

Plamedi alikaa, akachukua mchimbaji na njia ndefu. Alikubali kwa sababu kukataa kungeonekana woga. Lakini hakuna aliyetaka kukaa upande wa pili na kugusa kitu cha mgeni. Hapo Hortense akapenya kati ya watu, mkasi unaning'inia shingoni kwa uzi.

"Kelele zenu nimezizoea," alisema. "Leo munanyamaza. Kuko nini?"

Alipoelezwa, akakaa. Hakuwahi kushika manette maishani. Alimchagua mwanamke wa msalaba kwa sababu ya gauni, akaulizia pa kubonyeza, akaanza. Alibonyeza kitufe kimoja tu, tena na tena, kama anayekanyaga cherehani. Msalaba wa shaba ulipaa, ukashuka, ukapaa. Plamedi alizungusha kidole gumba chake kwa uzuri wote aliojua, na kabla hajamaliza kuzungusha alikuwa ameshaanguka. Wakarudia. Akaanguka tena.

Plamedi aliweka manette sakafuni.

"Haina yeye anacheza. Ni machine inamuchezea."

"Weye umepigwa," alisema Hortense.

"Ginsi gani, mama? Sema vile ulinipiga."

Hortense alionyesha kitufe. "Nilifinya," alisema. "Nilifinya, ukaanguka."

Plamedi alitaka wabadilishane. Yeye akachukua njia fupi, Hortense njia ndefu, na pambano likaisha kabla Hortense hajatambua yupi ni wake kwenye kioo.

"Muliona?" Plamedi aliwageukia watu. "Ni bouton. Haina muntu."

Uso wa Bertin ulikuwa umesawijika. "Uko na haki," alisema kwa sauti ndogo. "Njia fupi inakimbia sana. Merci. Merci sana."

Alishukuru kwa moyo, lakini hakuna aliyeisikia hivyo. Nyuma kabisa mtu alinong'ona kwamba anashukuru kama aliyepata alichokuja kuchukua, na watu waliokuwa karibu naye wakasogea. Bertin alifunga ordinateur yake kwenye kitambaa, akaondoka bila mtu kumpisha vizuri. Mado alimtazama akienda. Huzuni yake ilionekana ya kweli. Au basi alijua kuiigiza.

Jumamosi iliyofuata alirudi nayo. Plamedi alikuwepo, kwa sababu hakuweza kukaa mbali. Hortense alikuwepo, kwa sababu wiki nzima wateja wake walikuwa wamemwita bingwa, naye alikuwa ameanza kulizoea jina hilo.

Walicheza. Kila pigo la Hortense lilitoka limechelewa, kama mtu anayejibu baada ya wageni kuondoka. Plamedi alimpita kushoto na kulia. Akamwangusha, akamwangusha tena, na pambano la mwisho Hortense hakumgusa hata mara moja.

Hakumtazama Plamedi. Alimtazama Bertin. "Siku ile ilikuwa inanisikia. Leo haisikie. Ulifanya nini?"

"Nilipunguza mbio ya ile bouton, kidogo."

"Nani alikuambia upunguze?"

"Nilifikiri..."

"Mulionana ku nyuma," alisema Hortense, akiwaonyesha wawili kwa mkasi. "Alilia, ukamupangusa machozi."

Plamedi aliruka. "Minye na yeye? Na minye aliniibia. Teke langu ya chini haina nguvu tena. Niliisikia tangu teke ya kwanza." Akamgeukia Bertin. "Uliigusa ao hukuigusa?"

Bertin angeweza kukana. "Niliigusa," alisema. "Ilikuwa inashinda bintu yote. Muntu asiyeijua hakuwa na pa kukimbilia."

Hapo mambo yakaharibika. Plamedi aliona ameuzwa kwa mshonaji, na mshonaji aliona ameuzwa kwa Plamedi, na waliokuwa wakitazama wakaona kitu kibaya zaidi, ambacho Hortense ndiye aliyekisema: kwamba mtu huyu huenda kwake, huko wasikomwona, akageuza nguvu za watu, na wao huamka wakiwa wengine bila kuulizwa. Jina la Buluo likatajwa tena. Kijana mmoja mwenye mabega mapana alikwenda akasimama mlangoni. Mwingine alishika waya wa ordinateur, akauzungusha mkononi. Bertin aliikumbatia mashine kifuani. Hakuomba msaada.

Mado alikuwa amesimama kando muda wote huo, akipima. Kama mtu huyu ni mwovu, hii ndiyo nafasi ya kumtoa, na Casimir angesikia kabla ya jioni kwamba mkewe amemfukuza. Ingekuwa rahisi. Lakini alikumbuka kwamba Bertin alikuwa amekubali kosa mara mbili, mbele ya watu, wakati kukana kungemfaa. Mchawi wa namna hiyo hakuwahi kumsikia.

"Acha ule waya," alimwambia kijana, na kijana akauacha. "Papa Bertin, weka machine hapa mezani. Unasikia? Weye unapikia nyuma ya nyumba. Chakula inakuya, leo chumvi mingi, kesho chumvi hakuna. Bantu banasema uko unatia sumu. Basi pikia hapa, tuone."

"Siwezi, mama."

"Juu ya nini?"

"Reine alinikatalia. Tukionyesha vile iko ndani, muntu atabeba."

"Basi weye unatuogopa, na siye tunakuogopa. Nani ataanza kuacha?"

Bertin alitoa simu, akampigia dada yake, na Mado akamwambia aweke sauti wote wasikie. Reine alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mama unamujua?" aliuliza.

"Njo mwenye salle."

"Nimekuuliza kama unamujua, Bertin."

Bertin alimtazama Mado. "Hapana," alisema. "Lakini alisimama mbele yangu sasa hivi, na bengine balitaka kuvunja machine."

"Baonyeshe chiffres tu," Reine alisema. "Haina bile bingine."

Kwenye televisheni kubwa, mahali walipozoea kuona ngumi, ikatokea mistari ya maneno na namba. Bertin aliisoma kwa kidole. Hii ni muda ambao pigo linachukua kutoka. Hii ni maumivu yake. Hii ya tatu ni muda ambao mpigaji anabaki wazi akikosa, kabla hajaweza kujikinga tena. Watu walisogea kidogo kidogo. Hata yule wa mlangoni aliacha mlango.

Plamedi alikuwa wa kwanza kuuliza. "Hii ya tatu. Kwa njia fupi na kwa njia ndefu iko moya?"

"Iko moya."

"Njo kosa iko pale."

Akajaribu kueleza, na ilimpa taabu, kwa maana hakuwahi kulazimika kuyasema mambo hayo; yaliishi vidoleni. Alisema kidole gumba chake kikianza kushuka, yeye mwenyewe bado hajaamua. Akiona adui amejikinga, huacha katikati na kufanya kingine. Adui anaona kidole... hapana, haoni kidole, anaona bega la mtu wa Plamedi kwenye kioo likicheza, naye anaogopa. Nusu ya pigo ni kutisha. Lakini katika jeu ya Bertin ukianza lazima umalize, kwa hiyo njia ndefu ni urefu mtupu, ni adhabu. "Mupatie mama mbio yake ya siku ya kwanza," alisema. "Yote. Lakini akikosa, abaki wazi sana, na asiweze kurudi nyuma. Na minye nikitaka kuachia katikati, niachie. Na teke yangu ibaki vile uliipunguza, sawa, haina neno."

"Unajisaidia weye," alisema Hortense.

"Ndiyo, najisaidia. Na weye unarudishiwa mbio yako. Iko pale, mama, unaiona."

Hortense aliitazama namba ile. Alimtaka Bertin aiandike mbele ya macho yake. Kisha akamtaka afunge mashine kabisa, aifungue upya, aone kama namba imebaki. Ilikuwa imebaki. Kuachia katikati kulimchukua Bertin muda mrefu. Aliandika huku jasho likimtoka, watu wamemzunguka kama wanaotazama tairi likizibwa. Mara ya kwanza mchimbaji akaganda hewani na patasi yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu akacheka. Mara ya pili ikakubali.

Pambano la kwanza Hortense alibonyeza kama alivyozoea. Plamedi alimtisha kwa bega, akangoja msalaba upite hewani bure, akamwadhibu. Pambano la pili Hortense aliacha kubonyeza. Alirudi nyuma, akakaa. Plamedi alitisha, hakujibu. Alitisha tena, hakujibu. Alipokuja kweli, msalaba ulimpata kifuani, na chumba kizima kikavuta pumzi. La tatu Plamedi alishinda kwa tabu, akiwa amebakiwa na uhai mdogo kama ukucha.

"Nilifinya mapema," alisema Hortense. "Pale pa mwisho. Ulikuwa haujafika bado." Alisema hivyo kwa mkato, akachukua mkasi wake, akaenda kushona. Plamedi alibaki akiutazama mkono wake wa kulia.

Sitasema kwamba mashaka yaliisha. Wako wateja ambao hawakurudi. Dada yake Mado aliendelea na mafuta yake, na Plamedi aliendelea kuyafuta kwenye kitambaa cha salle kabla ya kukaa. Lakini Jumamosi zikawa za Bertin. Namba ziliwekwa juu wote wazione, watu wakabishana, zikashushwa, zikapandishwa, na hakuna siku ambayo hapakuwa na mmoja aliyehisi ameonewa. Tofauti ni kwamba sasa aliweza kuonyesha ni wapi.

Na Mado akaanza kucheza. Kwa miaka yote ya salle hiyo alikuwa amezishika manette kwa kuzifuta tu. Aliwahi kujaribu, vidole vikamkatalia mbele ya watu, akaziacha. Sasa, wateja wakipungua, alikaa na mwanamke wa msalaba, njia fupi, akajifunza kungoja. Aligundua kwamba alikuwa na kipaji cha kungoja.

Ndivyo Casimir alivyomkuta. Hakuwa amesema anakuja. Mwezi ulikuwa bado katikati. Aliingia na viatu vya kazi, na alichokiona ni mkewe ameketi benchini, mbele ya watu wote, na kando yake mwanaume mwenye shati la pasi ameinama akitazama mikono yake.

Casimir aliuliza, "Njo yeye?"

"Njo yeye," alisema Mado. "Kaa."

Bertin alisimama, akanyoosha mkono. Casimir aliupita mkono huo, akakaa pale Bertin alipokuwa amekaa. Mado akamwekea manette ya pili mapajani.

"Minye sichezake bintu ya batoto."

"Finya hapa. Na hapa unajikinga."

Alibonyeza, kwanza kwa dharau, kisha kwa hasira. Mado alirudi nyuma, akangoja, akampiga. Casimir alitaka tena. Mado akampiga tena. Casimir hakuwa akitazama televisheni sasa, alimtazama yeye.

"Nani alikufundisha?"

"Bantu ya hapa. Bote. Na weye uniambie: nani anakutelefoniaka?"

Aliyejibu alikuwa Plamedi, kutoka kwenye televisheni ya kona. "Ni minye, tantine." Hakugeuka. "Pale mwanzo. Nilitaka papa Casimir akuye amufukuze. Nilifikiri bidole bitanirudilia."

Mado alihisi moto usoni. Kwa majuma alikuwa amemnyima Hortense salamu, Hortense asiye na hatia, na muda wote huo damu yake mwenyewe ilikuwa ikimchongea. Alitaka kumwambia aondoke na asirudi. Alimwona amekaa na mabega yameshuka, anangoja kuambiwa hivyo. "Utafagia salle mpaka nichoke kukuona," alisema. "Anza leo." Kisha akatoka nje, akaenda kwenye dirisha la cherehani, akakaa na Hortense kitambo kirefu. Walichoongea hakikusikika salle.

Jioni, mezani, Casimir alimega tonge la bukari kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa ukingoni mwa meza, na kidole gumba chake kilikuwa kikishuka, kikizunguka mbele, kikishuka tena.

"Ile ya Plamedi," alisema, "ile ndefu. Inachukua siku ngapi kuijua?"

"Yeye ilimuchukua miaka."

Casimir alitafuna. "Huyu Bertin, iko na bibi?"

"Siyue. Umuulize kesho."

"Nitamuuliza," alisema Casimir, na kidole chake kikaendelea.